Bodi Iliyojizima Kila Pampu Ikiwaka

Pampu ya hewa iliponguruma mara ya tisa, Metrine hakutazama kompyuta. Aliitazama bodi yenyewe, kifaa kidogo cha kielektroniki cha kupima hewa majini. Taa yake ndogo ya kijani ilififia, kisha kifaa kikazimika na kuanza upya.

Siku tatu alikuwa amepekua programu aliyoiandika mwenyewe, akitafuta kosa, huku samaki wa Asembo Bay, ziwani Viktoria, wakikosa wa kuwapimia hewa majini. Kumbe pampu ndiyo iliyonyonya umeme wote wa bodi kila ilipowaka.

Akaipa bodi betri yake yenyewe, isitumie tena umeme mmoja na pampu.

“Mama, washa tena.”

Mama mwenye vizimba vya samaki akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Taa haikutikisika, na vipimo vikaendelea kuingia.

“Sasa yule injinia wa Nairobi niliyetaka aje kuitengeneza bodi, nimwambie aje kesho?” mama akauliza.

“Mpigie, Mama,” Metrine alisema, akikunja nyaya taratibu. “Mwambie asisumbuke.”