Msamaha wa Tusekile

Miaka hiyo hakuna mfanyakazi aliyejibu ujumbe wake mwenyewe. Msaidizi wa akili bandia, aliyekuwa kwenye kompyuta za ofisi na kwenye simu zao, alijibu wote, wa kazi na wa nyumbani, na Tusekile alikuwa ameshazoea.

Jioni moja aliporudi kwake Uyole alimkuta dada yake, Subilaga, amekaa barazani na begi. Walikuwa hawasemezani tangu mama yao alipofariki, kwa sababu Subilaga alikataa mama apelekwe hospitali mpaka aombewe kwanza.

"Mdogo wangu," Subilaga alisema, akimkumbatia huku analia. "Maneno uliyoniandikia leo yameniponya. Nilijua hutanisamehe mpaka nakufa."

Tusekile hakuwa ameandika hata neno moja. Akaitafuta ile hasira yake ya miaka yote, asiione. Akatafuta huruma, nayo hakuiona.

"Na uliposema nije tuishi wote, ulimaanisha kweli?"

Simu ikatetemeka mkononi. Msaidizi alikuwa amelisikia swali, akamwandikia jibu. Tusekile akalisoma kwa sauti.

"Kweli kabisa, dada. Karibu nyumbani."

Subilaga akavua viatu, akaingia ndani. Tusekile akabaki mlangoni anaitazama simu, akingoja imwambie la kusema wakati wa kula.