Kamba ya Kupandia Miti

Wiki mbili baada ya moto, Ambakisye alirudi shambani na mkewe, kamba ya kunyooshea mistari ya kupandia na miche mipya ya paini. Miti yake yote ilikuwa imeteketea. Aliipanda angali fundi umeme hospitalini, ili akistaafu auze mbao. Alistaafu Ijumaa, Jumapili moto ukavuka kutoka shamba la jirani.

Alichomeka vijiti viwili, akavuta kamba katikati, akapanda mstari wa kwanza.

"Baba Lusajo," mkewe, Tusekile, akamwita. "Hii tutaikata lini?"

"Miaka kumi na mitano. Ikichelewa, kumi na minane."

"Na mpaka hapo tunakula nini?"

Ambakisye akashindilia udongo kwenye mche wa mwisho. Miaka yote alimnyima mkewe hata tuta moja la maharage humu ndani. Alisema hili ni shamba la miti, si bustani ya mboga.

Alipohamisha kamba kwa ajili ya mstari wa pili, Tusekile aling'oa kijiti cha upande wake, akaenda kukichomeka mbali zaidi na mstari wa kwanza. Kamba ikakaa mshazari.

"Mama Lusajo, hapo umepitiliza."

"Sijapitiliza. Maharage nayo yanataka jua."

Akafungua fundo la kanga yake na kumwonyesha mbegu.

Ambakisye aliitazama ile kamba iliyokaa upande. Akainama, akang'oa kijiti chake mwenyewe, akasogea nacho taratibu juu ya majivu mpaka akawa sambamba na mkewe. Kisha akavuta. Kamba ikakaza, na vumbi jeusi likaruka mstari mzima.