Sauti Safi

Mtoto alianza kulia tena, pale pale kwenye neno "rangi".

Fundi alivua hedifoni akazitupa mezani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa, kati ya stoo ya ngazi na choo cha wafanyakazi. Hakikuwa na dirisha, na mashine zilikipasha joto kama tanuri. Wageni waligusa skrini ukumbini wakasikia wasanii wakizungumza, wasijue kama kuna mtu anatokwa jasho nyuma ya ukuta.

"Vipi, amenyamaza?" Mkuu wa maonyesho alichungulia bila kubisha hodi.

"Bado, bosi. Analia juu ya maneno ya Bibi. Nikimtoa yeye, na Bibi anatoka naye. Ni kama kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva."

"Sikuja kusikiliza habari za mchuzi. Mchoraji mkubwa anaeleza kazi yake, nyuma yake mayowe kama kliniki siku ya chanjo! Nataka sauti safi."

Mlango ukafungwa. Fundi akasonya.

Kanda yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilikuwa mahojiano ya redio yaliyofanywa nyumbani kwa Bibi, mchoraji mwenyewe, enzi za ujana wake. Alipoombwa kitu cha kuambatana na picha zake, Bibi aliitoa kabatini mwenyewe, akisema mashine ya kuichezea ilimfia zamani, na kwamba atafurahi kuisikia tena. Fundi aliicheza mara moja tu, kuiingiza kwenye kompyuta. Ilipofika mwisho ikakatika, mashine ikaitafuna vipande vipande. Siku ile alishukuru Mungu kwamba sauti ilikwisha kuingia salama.

Sasa alitamani mashine ingeitafuna mapema.

Alijaribu programu moja, Bibi akawa kama anazungumzia ndani ya mtungi. Akajaribu nyingine, mtoto akageuka paka. Mwishowe akaamua kuking'oa kilio silabi kwa silabi, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Neno lililokataa kabisa kusafishika, aliliiba kwingine kwenye mazungumzo yale yale akalipachika.

Nyumbani alifika kichwa kinavuma. Mwanawe mchanga akifungua tu kinywa, yeye huyo, mbio uani.

"Kazini unanyamazisha wa watu," mkewe alimfuata na mtoto begani. "Huyu wako, baba nanii, nani amnyamazishe?"

Fundi hakucheka.

"Kwani huyo wa kwenye kanda ni wa nani?" mkewe akauliza.

"Nitajuaje? Wa jirani labda. Ningemjua mama yake ningemwambia amnyonyeshe, na mimi nipumzike."

Kazi ikaisha hata hivyo. Fundi alisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Bibi alikuwa peke yake chumbani, anazungumza taratibu, pasipo hata chafya. Alitoka nje kuota jua kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela.

Furaha hiyo haikufika mbali. Siku ya majaribio, Mkuu aliwaleta wafadhili ukumbini, akabonyeza skrini kwa madaha, na mayowe yakajaa ukumbi mzima. Mtu alikuwa ameweka faili la zamani. Mkuu hakuuliza ni nani.

"Fundi! Siku zote hizi humo ndani ulikuwa unalala?"

Aligombezwa mbele za watu, mmoja wa wafadhili akajifanya anatazama viatu vyake. Fundi alirudi chumbani damu inamchemka. Akaliwinda lile faili kila lilikojificha: kwenye skrini, kwenye kompyuta, kwenye diski ya akiba. Akalifuta kote, kisha akapita tena kuhakikisha.

"Haya, lia sasa," akasema.

Siku ya ufunguzi Bibi alifika kabla ya milango kufunguliwa, amejitanda vizuri, anatembea kwa mkongojo. Alipita katikati ya picha zake bila kuzitazama. Kila moja ilikuwa na mwanamke aliyepakata mtoto, na kila mtoto alikuwa na sura yake tofauti; ukutani Mkuu aliandika kwamba hao ni watoto wote wa dunia. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye skrini. Mkuu akamvalisha hedifoni. Akasikiliza mpaka mwisho, amesimama vile vile.

Fundi aliitwa. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Huyu ndiye aliyeisafisha, Bibi," Mkuu alisema, safari hii amemshika bega. "Imekuwa kama umeongea jana."

"Ahsante, mjukuu wangu. Masikio yangu haya yamechoka, lakini nimesikia kila neno."

Fundi akatabasamu.

"Nimeanza na hiyo ili nipate moyo," Bibi akasema. "Sasa niwekee ile yenyewe, ile mwanangu analia. Hakumaliza mwaka, na hatukuwahi kumpiga picha. Sura yake nimeikisia ukutani humu maisha yangu yote, sijaipatia. Sauti haikisiwi."

Akazirekebisha hedifoni vizuri masikioni, akafumba macho, akangoja.