Mkwaruzo wa Tupa

Ilibidi sonara ampake Sihaba sabuni ndipo bangili ikavuka kiganja. Ilikuwa haijatoka kwa miaka kumi na moja.

"Usiikate!" mumewe alisema kutoka mlangoni. Tangu apunguzwe kazi kiwandani Nyakato walikubaliana mkewe aanze kuuza mitumba, na Sihaba alitaka kuiuza bangili apate mtaji, lakini njia nzima mumewe alirudia kwamba bangili ya harusi haiuzwi. Sihaba alimpenda zaidi kwa neno hilo.

"Siikati, bwana. Naikwangua kidogo tu kwa ndani," sonara alisema, akichukua tupa. "Siku hizi za kuchovya zimejaa. Juu fedha, ndani shaba."

Akaigeuza kwenye mwanga. Tupa ikabaki hewani.

"Mama, hii imeshapimwa."

Sihaba akainama. Kwenye upande uliokuwa ukigusa ngozi yake palikuwa na mkwaruzo wa zamani, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, na ndani yake wekundu wa shaba.

"Haijatoka mkononi hata siku moja," alisema bila kumgeukia mumewe. "Tangu uliponivisha."

Mumewe alikuwa anatazama barabara.

Sihaba akaunyoosha mkono wa pili juu ya meza, ule wenye pete.

"Fundi, naomba tena sabuni."