Jina la Mume

"Bila jina la mume hupigi kura, mama," alisema karani wa uchaguzi, Lahore, mwaka 1946.

Kwa miaka thelathini mama huyo hakuwahi kulitamka, kama ilivyo ada ya wake wenye heshima. Humwita "baba watoto", basi.

"Ni mwuza ngozi, ana ndevu za hina," alijaribu.

"Wenye hina wako mia!"

"Litaje, shoga!" walimhimiza wanawake waliojipanga nyuma yake. "Pakistan tunayoidai ikose kura kwa haya zako?"

Alivuta pumzi mpaka shela ikamnata midomoni.

"Sirajuddin!"

Karani akacheka, akampa karatasi ya kura.

"Naam!" mumewe aliitika kutoka foleni ya wanaume, kisha akatambua ni sauti ya mkewe.