Mgonjwa Ameridhika

"Siwezi, mama," alisema Heche, akiinamisha macho. "Wewe ni rika la mama mkwe wangu. Nikikuuliza mambo ya chini ya kitovu, nitakuwa na mwiko. Na mwanamume mwenye mwiko, mpaka wazee wamtakase, hata mama yake mzazi hampi chakula. Tumpigie daktari kule mjini. Yeye hakujui."

"Mpigie," alisema Mokami, akavuta benchi karibu na simu ya upepo.

Heche, tabibu, alikuwa amehamia zahanati ile juzi tu. Hakujua habari za kijiji. Wengine wote walijua kwamba mume wa Bhoke, binti wa Mokami, alimfukuza mkewe kama mbwa wakati wa mvua za vuli, akamnyang'anya mtoto angali ananyonya. Wazee wa ukoo walimwita, akawajibu kwamba yeye hana kosa, hivyo haji. Kila asubuhi Bhoke alikamua maziwa ya kifua chake ardhini huku analia, na mama yake alitazama. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mokami aliapa kwamba mwanamume yule atakuja kwa miguu yake mwenyewe.

Siku hiyo alikuja zahanati na Mzee Waitara, mkubwa wa ukoo, eti amshike mkono njiani. Njia yenyewe ilikuwa tambarare, na Mokami alitangulia mbele akitembea kama msichana.

Simu ikakoroma, sauti ikajaa chumba.

"Shikamoo, mama. Sema bila haya, mimi ni daktari. Ova."

"Marahaba, mwanangu. Huku chini kunaniwasha."

Daktari akauliza. Akikojoa anaumia? Kuna uchafu unaotoka? Mara ya mwisho alilala na mzee wake lini? Mokami alijibu yote kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe mnadani, na mengine aliyatia chumvi. Wanawake kwenye foleni walijifunika nyuso kwa kanga. Mzee Waitara aliikodolea sakafu macho, lakini hakutoka. Heche peke yake ndiye aliyepumua, akishukuru kwamba maswali yale hakuyauliza yeye.

Daktari akataja dawa, kisha akasema, "Wilayani wanataka kujua kama wagonjwa wanaridhika na matibabu haya ya simu. Umeridhika, mama? Ova."

"Nimeridhika mno. Tangu mvua za vuli sijaridhika hivi."

"Vizuri sana. Nipe jina lako niandike. Ova."

Mokami akasimama, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Andika mama yake Bhoke, mkeo. Mzee Waitara yuko hapa, amesikia kila neno. Njoo utakaswe, mkwe wangu, na mtoto umbebe mwenyewe. Ova."