Dawa Aliyoifuata Ngiri

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali kabla ya kung'atana, Ngiri aliapa kwamba wanawe hawatalelewa kama alivyolelewa yeye. Marehemu mama yake alikuwa akimtoa yeye na ndugu zake shimoni alfajiri waote jua, wachimbe mizizi yao wenyewe, wakimbizane mpaka wachoke, na giza likiingia wote wamelala. Ngiri alinung'unika utoto wake mzima.

Basi wanawe walilala mpaka mchana, wakaletewa miwa mlangoni, na vumbi hawakulijua. Lakini mafua hayakuwatoka. Huyu akipona, yule anaanza.

Ngiri akafunga safari hadi kwa Kakakuona, mganga aliyesifiwa nyika nzima.

"Nipe dawa kali, mganga," alisema. "Nimechoka kufuta makamasi."

Kakakuona alifikiri kidogo. "Watoe asubuhi waote jua. Wachimbe mizizi, wale. Wacheze. Giza likiingia, walale."

Ngiri alikasirika. "Nimetembea kutwa nzima nije kuambiwa maneno ya mama yangu?"

"Ni ya mama yako hasa, dada," alijibu Kakakuona taratibu. "Mimi nilikuwa yatima wa shimo la jirani. Kila alipowaita ninyi, nami nilitoka. Wewe ulikuwa ukinuna, mimi nikisikiliza."

Ngiri alirudi nyumbani. Alfajiri alisimama mlangoni pa shimo akawaita wanawe, akashtuka, maana sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yake. Watoto walikwisha kutoka wote, lakini aliita tena, apate kuisikia.